Kutoka Mto Kathita Hadi Manda: Mmeru Anapoitafuta Mbwaa

Waulize wazee wa Tigania, Igembe au Imenti walikotoka watu wao, na hawatakutajia mlima. Mlima Kenya wanauona kila asubuhi mawingu yanapopisha, lakini simulizi la Wameru linaanzia baharini. Linaanzia Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji ya chumvi, ambako babu zao waliishi hadi walipokuja watu wa nguo nyekundu, Nguuntune, wakawatia utumwani.

Watawala hao, wazee husimulia, waliwapa watumwa wao mitihani isiyofanyika. Walitaka kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na chini. Walitupa tunda ndani ya shimo refu na kuamuru litolewe. Wazee wakalijaza shimo maji, tunda likaelea. Mwisho ukaja mtihani wa kutengeneza mkuki wa kugusa mbingu, na hapo watu wakatambua kwamba kilichokuwa kikitafutwa ni kisingizio cha kuwaangamiza. Nabii wao, Koomenjwe, akawaongoza usiku hadi ukingoni, akayapiga maji kwa fimbo, njia ikafunguka. Waliovuka gizani wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limekwisha kutoka wakawa Njeru, weupe. Makundi hayo matatu ya koo bado yanatajwa Meru hadi leo.

Si wote wanaoishi kwenye miteremko hii wanaosimulia hivyo. Waembu, majirani wa kusini, wanamtaja Mwenendega, na kichaka chake kitakatifu kipo karibu na Runyenjes, katika nchi yao wenyewe. Kwa Mwembu, kufika mahali pa asili ni safari ya matatu. Kwa Mmeru, ni safari ya kuvuka nchi nzima hadi Bahari ya Hindi.

Wasomi wameitafuta Mbwaa kwa muda mrefu. Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, mwaka 1959, alizikuta habari za Mbwaa katikati ya imani ya Wameru, maana cheo cha Mugwe chenyewe kinahusishwa na kiongozi yule aliyewavusha. Kisha Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960, akayalinganisha na jiografia ya pwani. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1993 aliiweka Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, na kuondoka kwa watu hao akakukadiria mwanzoni mwa karne ya 18. Wapo wanaopinga, wakisema habari ya bahari kupasuka ni Kitabu cha Kutoka kilichopitia midomo ya wamishonari. Wapo pia wanaoitafuta Mbwaa mbali zaidi, hadi Misri na Bahari ya Shamu. Njia nzuri ya kuupima ubishi huo ni kwenda Manda na kuyatazama maji yenyewe.

Njia ya kwenda huko imechorwa na mto. Kathita unaopita mjini Meru unateremka hadi Tharaka na kumwaga maji yake Mto Tana, na Tana unakata nchi kavu kupitia Garissa hadi kufika baharini Kipini. Kutoka Kipini, Lamu haiko mbali. Watu wanaotoka pwani kwa miguu, wenye mifugo na watoto, wasingeweza kupita nyika ile bila kuufuata mto, na masimulizi ya Wameru yanakubaliana na hilo, kwa kuwa yanawapitisha kando ya Tana kabla hawajaifikia Tharaka na kupanda milimani. Msafiri wa leo anayepitia Mombasa na Malindi huuvuka Tana pale Garsen. Ndani ya maji yale ya rangi ya udongo mna maji ya kwao.

Baada ya Garsen kuna Witu, kisha Mokowe, na hapo barabara inaishia kwenye gati. Anayesafiri peke yake, bila kampuni ya utalii, aulize hali ya usalama kabla ya kuondoka Malindi, kwa sababu barabara hii imewahi kushambuliwa na ina vizuizi vya polisi. Asafiri mchana na awe na kitambulisho. Kutoka Mokowe boti huvuka kwa muda mfupi hadi mji wa Lamu.

Lamu haihitaji kusifiwa kupita kiasi, inatosha kuitembea. UNESCO iliuingiza mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa kuwa ni mji wa Waswahili uliohifadhiwa kuliko yote na ambao watu bado wanaishi ndani yake. Vichochoro ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na nyumba za mawe ya matumbawe zimeupa mtaa mgongo. Mlangoni kuna daka, mahali pa kumpokea mgeni kabla hajaingia ndani. Ukutani mwa vyumba vya ndani zimejipanga zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa kwa mkono. Ngome iliyo mbele ya uwanja ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela na kuomba ulinzi wa Oman. Baadaye ikawa gereza hadi mwaka 1984, na sasa ni makumbusho. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh mwanzoni mwa karne ya 20, bado huwaita wageni wa Afrika Mashariki nzima wakati wa Maulidi.

Lakini Mmeru aliyekuja kwa ajili ya Mbwaa asiishie hapo. Manda iko ng'ambo ya mkondo, na sehemu ya kwanza ya kuitembelea ni Takwa.

Nahodha ndiye anayepanga saa ya kwenda Takwa, naye anapangiwa na bahari. Hori linaloingia huko limebanwa na mikoko pande zote mbili, na maji yakipwa linageuka tope tupu. Mgeni huambiwa angoje maji yajae, na akikawia kule ndani huambiwa arudi chomboni upesi, la sivyo atalala huko. Siku za bamvua maji hupanda sana na kushuka sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kaskazini mwa kisiwa, mkondo wa Mkanda unaoitenga Manda na bara ni mwembamba, na vyombo huupita maji yakijaa. Hapa ndipo simulizi la Koomenjwe linapoacha kuwa muujiza wa mbali. Kundi la watu waliofika ukingoni usiku, wakangoja, wengine wakapita gizani, wengine alfajiri na wengine kukiwa kumekucha, wakati wanaowafukuza wanakuta maji yamekwisha kurudi: hilo ni jambo ambalo nahodha yeyote wa Lamu anaweza kukueleza bila kushangaa.

Takwa yenyewe ni mji uliokufa ukiwa umesimama. Ulistawi kuanzia karne ya 15 au 16 na kuhamwa mwishoni mwa karne ya 17. James Kirkman aliuchimba mwaka 1951. Ukuta ulizunguka mji, nyumba zikaelekezwa kaskazini, upande wa Makka. Msikiti mkuu umesimama bila paa, na juu ya ukuta wake wa kibla kuna nguzo nene ya mawe ambayo huonekana kabla ya kingine chochote. Nje ya ukuta, karibu na maji, kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya Kiarabu ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1682 au 1683. Mibuyu imeota kati ya kuta. Wanaoeleza kuhamwa kwa mji huu hutaja zaidi maji ya visima kuingiwa na chumvi, na wakazi wake wanaaminika kuvuka kwenda Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Wazao wao hawajalisahau kaburi lile. Kwa vizazi vingi watu wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kuomba mvua.

Habari hiyo inamgusa Mmeru kuliko tarehe zote. Kuomba mvua mahali pa wazee waliotangulia ni jambo analolifahamu kutoka kwao, ambako wazee wa baraza la Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, wamekuwa na kazi hiyo tangu zamani. Dini ni mbili na lugha ni mbili, lakini ombi ni moja.

Je, Takwa ni Mbwaa? Hapana, wala hakuna jiwe hapo linalosema hivyo. Waliojenga Takwa walikuwa Waswahili Waislamu wenye misikiti na makaburi ya nguzo. Waliotoroka Mbwaa, kwa masimulizi yao wenyewe, walikuwa watumwa, na watumwa hawajengewi makaburi ya maandishi. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni hiki: katika miongo ileile ambayo Fadiman anawaondoa Wameru pwani, funguvisiwa la Lamu lilikuwa katika misukosuko mikubwa. Wareno waliokuwa wameibana miji hii kwa zaidi ya karne moja walikuwa wakifukuzwa, na Waomani waliiteka Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Visima vilikuwa vikiharibika, miji ikihamwa. Kwamba watu wa chini kabisa katika mfumo huo walichukua nafasi hiyo wakakimbia si jambo la kushangaza hata kidogo.

Nguuntune walikuwa nani basi, Wareno, Waarabu au mabwana wengine? Simulizi halitoi jibu, na hatuna haki ya kulitumia kumhukumu Mwamu (mtu wa Lamu) wa leo anayekukaribisha barazani. Utumwa wa pwani ulikuwa kweli na usifichwe. Lakini pwani na bara hazikuanza kujuana kwa reli wala kwa ukoloni. Miraa inayovunwa Igembe hutafunwa Lamu leo. Tangu Machi 2012 serikali imekuwa ikijenga njia ya uchukuzi ya LAPSSET kutoka bandari mpya ya Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, jirani kabisa na Meru, na gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Wahandisi wanachora upya njia ambayo Wameru wanasema waliipita kwa miguu miaka mia tatu iliyopita.

Kwa sababu hiyo nawaomba walimu na wazazi wa Meru wasiiache Mbwaa ibaki jina la vitabuni. Anzeni kwa kuwapeleka watoto Makumbusho ya Meru, kisha, mtakapoweza, wapelekeni Manda. Nendeni kama wageni: vaeni kwa heshima, msipige picha za watu bila idhini, mlipe tiketi ya makumbusho Takwa na mmwachie nahodha uamuzi wa saa. Na kabla ya hayo yote, mkae na wazee mrekodi wanachokijua. Takwa imesubiri zaidi ya miaka mia tatu na bado itakuwapo. Mzee anayeijua safari ya Koomenjwe kituo kwa kituo hatasubiri.