Pengo la Koko, Skrubu ya Kanomi

Wasee, upepo wa Kona Baridi haubishi hodi. Ukicheka hapa steji, unaingia moja kwa moja. Kwangu unapitia pengo la meno mawili ya chini, lile mnalolichekelea kwa komenti kila nikiposti.

Nilitolewa nikiwa mdogo. Sisi Wamaasai tumefanya hivyo vizazi na vizazi. Koko alinieleza sababu: pepopunda. Ugonjwa ukifunga taya, mgonjwa anamiminiwa maziwa kupitia pengo. Hiyo ilikuwa akili, si ushamba. Tena ni urembo na alama ya kwetu. Lakini 1980 Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa chanjo, na kinga ya pepopunda imo. Sababu ikaisha, kisu kikabaki.

Sasa naweka pesa nilizibe, kwa hivyo nikasoma. Shida ya kuvuta meno ni hii: ukivuta jino la nyuma lije mbele, la mbele nalo linarudi nyuma. Ni kama gari limekwama kwa matope halafu ufunge kamba kwa gari lingine lililokwama. Unahitaji mti usiosogea.

Huo mti ulitafutwa sana. 1945, kule Marekani, Gainsforth na Higley walitia skrubu kwa taya za mbwa. Zote zikalegea ndani ya mwezi hivi. 1983, Creekmore na Eklund wakafaulu, ila kwa meno ya juu. 1990, Roberts akaweka kipandikizi nyuma ya magego ya chini, akaziba pengo la gego lililong'olewa. 1997, Kanomi wa Japani akatumia skrubu ya upana wa milimita 1.2 tu kushusha meno ya mbele ya chini. 1999, Umemori na wenzake, Wajapani pia, wakaleta bamba la titani kwa magego.

Ipi kali? Skrubu ni ndogo, inaingia haraka na kutoka haraka. Lakini taya la chini lina mfupa mgumu, ukitoboa vibaya unapata joto, na huko skrubu hulegea zaidi kuliko juu. Bamba linashika vizuri na kubeba mzigo mkubwa, ila lazima fizi ichanwe mara mbili: kuliweka na kulitoa. Kipandikizi cha nyuma ni imara, lakini unangoja miezi mfupa ukishike ndiyo uvute. Kwangu, labda daktari ataona eksirei aseme daraja la meno linatosha. Sawa tu.

Koko aliposikia, alinyamaza kidogo, akauliza, "Unaona haya na mimi?" Hapana, Koko. Yako ilikuwa dawa. Yangu nilitolewa bila kuulizwa, wakati dawa ilikuwa kwa sindano.

Kwa hivyo pengo likizibwa, ni mimi nimeamua, si komenti zenu. Na mtoto wangu akija, meno yake ataamua mwenyewe.