Lusangi: Kwa nini lenzi ya zamani inakubaliwa na kamera moja na kukataliwa na nyingine

Familia inayokimbia vita haina nafasi ya kuchagua vya kubeba. Watoto kwanza, kisha sufuria na nguo. Mpiga picha wa Kasongo au Kabambare aliyeokoa lenzi moja tu ya wakati wa filamu anabaki na ulizo moja: je, itafanya kazi kwenye kamera ya kidijitali ya mkono wa pili? Jibu liko katika historia.

Kunako mwaka wa 1959, kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani ilitoa kamera ya Nikon F. Lenzi yake haikukazwa kama parafujo. Iliingizwa kwenye mdomo wa kamera na kuzungushwa kidogo tu. Mdomo huo huo ulibaki hata kwenye kamera za kidijitali, kama vile D1 ya mwaka wa 1999.

Lakini kuingia si kufanya kazi. Mwaka wa 1977 Nikon ilibadilisha namna lenzi inavyoijulisha kamera ukubwa wa tundu la mwanga. Lenzi za kabla ya hapo, kama hazikurekebishwa, zinaweza kuvunja kijino kidogo kando ya mdomo wa kamera nyingi zilizofuata. Kamera ya D40, ya mwaka wa 2006, haina kijino hicho, kwa hiyo nyingi ya lenzi hizo huingia bila hatari. Hata hivyo, haipimi mwanga kwa lenzi hizo. Mpiga picha hukadiria mwenyewe. D7000, ya mwaka wa 2010, hupima mwanga kwa lenzi za 1977 na baadaye. Kamera ya Df, ya mwaka wa 2013, iliwekewa kijino kinachokunjwa ili ipokee hata zile za zamani zaidi.

Canon ilipita njia nyingine. Mwaka wa 1987 iliacha mdomo wake wa FD, ikaleta EOS, ambamo lenzi na kamera huwasiliana kwa umeme peke yake. Wenye lenzi za FD waliachwa njiani. Sababu ni umbali kati ya mdomo na filamu: milimita 42 kwa FD, 44 kwa EOS. Lenzi ya FD ikifungwa kwenye EOS kwa pete ya chuma tu, inakuwa mbali mno, na vitu vya mbali havionekani vizuri. Lenzi ya Nikon inahitaji milimita 46.5, hivyo pete nyembamba inajaza nafasi iliyobaki. Ndiyo maana kamera ya Canon inaweza kupokea lenzi ya mshindani wake na kukataa ya ndugu yake mkubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, heri kusoma jina la kamera, kuuliza mwaka wa lenzi, na kutolazimisha inapokwama.

Lenzi haihifadhi picha. Albamu iliyoungua nyumbani haitarudi. Lakini picha ya arusi iliyobaki kwa shangazi katika kijiji kingine inaweza kupigwa upya na kugawiwa watoto wote. Kwa kazi hiyo, lenzi ya miaka arobaini, inayozungushwa kwa mkono, inatosha.