Maandishi Chini ya Rangi: Motokaa Kuukuu ya Kalemela

Wapo watu wadhanio kwamba historia hukaa katika karatasi peke yake. Mimi nilikuwa miongoni mwao, mpaka nilipofundishwa na mzee mmoja, fundi wa bodi za magari huko Kalemela, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu.

Kitabu chake kilikuwa motokaa ya marehemu baba yangu mkubwa: Land Rover ya toleo la pili, lililoanza kuundwa mwaka 1958. Ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka mingi, ubavu wa kushoto umebonyea, na kuku wakitaga katika kiti cha dereva. Katika ukoo wetu ilisemwa kwamba mzee aliinunua mpya kwa fedha za pamba yake. Vijana walitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nikaomba itengenezwe, ili sifa yake isipotee.

Yafaa kwanza tueleze asili ya motokaa za namna hii. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, kikigawiwa kwa kipimo. Basi waundaji wakazifanya mbavu zake kwa alumini. Dhiki hiyo ikawa heri kwa Afrika, maana alumini haishikwi na kutu kama chuma. Lakini chasisi ni ya chuma, na mahali madini hayo mawili yagusanapo penye unyevu, alumini huliwa taratibu, ikawa unga mweupe.

Usukumani miaka hiyo ilikuwa miaka ya pamba. Wakulima, waliokuwa wakilalamikia mizani za wanunuzi, waliunda vyama vyao wenyewe. Na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana katika shirikisho lililoitwa kwa jina la Ziwa Victoria. Mwaka 1968 mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini; sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha.

Sasa turudi kwa fundi. Alumini ina tabia ya ukaidi: kadiri igongwavyo ndivyo izidivyo kuwa ngumu, na mwisho hupasuka. Kwa hiyo mzee aliupaka ubavu sabuni ya kufulia, akaupasha moto mpaka sabuni ikageuka nyeusi. Weusi huo ndio kipimo chake, kwa kuwa alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Ulipopoa umelegea. Akashika kipande cha chuma kwa ndani, akagonga kwa nyundo nyepesi kwa nje, akianza pembeni mwa bonde na kuingia katikati pole pole. Puti alitia kidogo sana. "Puti nyingi, Mwalimu, ni uongo," alisema. "Barabara ya mashimo itaufichua."

Kisha akaja kwenye mlango, ambao haukubonyea, akausugua kwa msasa na maji. Rangi nyeupe ikaondoka, ikatokea ya buluu. Chini ya buluu kijani. Na juu ya kijani hicho herufi nyeupe zikasomeka: USHIRIKA.

Nakiri kwamba nilitahayari. Nilimwambia aendelee kusugua. Mzee akauweka msasa chini.

"Rangi hii imeshika vizuri, haidhuru kitu," akasema. "Nikiiondoa, nitaiondoa kwa kuwa wewe umetaka, si kwa kuwa kazi yaitaka."

Nikaenda kwa shangazi. Akacheka kwanza, kisha akanieleza.

"Mwanangu, kaka yangu hakuinunua mpya. Alikuwa dereva wa ushirika. Ulipovunjwa, motokaa mbovu ziliuzwa, naye akainunua hii kwa akiba yake, haitembei. Akaitengeneza mwenyewe. Lakini watu walinong'ona kwamba kaiba mali ya umma. Ndipo akaipaka rangi. Hayo ya upya mliyazua ninyi watoto, naye hakuyakanusha."

Nilimwuliza kama tulifute neno lile, kama mwenyewe alivyotaka kulificha. Alinyamaza kitambo.

"Liacheni," akasema. "Waliomsema wamekwisha kufa, na aliyewaogopa pia."

Rangi ilipulizwa alfajiri, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie, kabla ya upepo kuleta wale wadudu wadogo wa ziwani wapaao kama moshi na kunasa katika rangi mbichi. Motokaa yote ilirudishwa katika kijani chake, isipokuwa kipande cha mlango chenye neno lile, kilichopakwa vanishi tu.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Tulikuwa tukimsifu mzee kwa kununua, jambo awezalo kila mwenye fedha. Kumbe sifa yake ilikuwa kufufua kilichokwisha kutupwa, nayo ilizikwa chini ya rangi mbili. Tangu hapo, niletewapo masimulizi ya ukoo wowote, huyasikiliza kwa heshima, kisha hutafuta mlango wa kuusugua. Na nikutapo maandishi, humkumbuka fundi yule, nikajiuliza kama nataka kuyafuta kwa haja ya kazi au kwa haya yangu.