Nyamasaria: Dini, Kura na Neno "Mgeni"

Nyamasaria ni kitongoji cha mashariki mwa jiji la Kisumu, kando ya barabara iendayo Ahero na Nairobi. Sisi wa Pwani hulisikia jina hilo kwenye taarifa za habari, barabara ikiwa imefungwa kwa mawe na matairi. Yasiyosemwa ni mengine. Nyamasaria imo katika eneobunge la Kisumu Mashariki, linalowakilishwa na Shakeel Shabbir, Mkenya mwenye asili ya Asia. Aliingia bungeni mara ya kwanza 2007, na mwaka 2017 na 2022 alishinda akiwa mgombea huru, tena katika ngome ya ODM!

Mji uliomchagua 2007 ndio uleule ambao maduka yake yaliporwa na kuchomwa baada ya uchaguzi huo, na majirani wa makabila mengine wakakimbia. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini.

Ushirikiano wa dini katika mambo haya si mpya. Mwaka 1999 Wakristo, Waislamu na Wahindu waliungana katika vuguvugu la Ufungamano kudai katiba ya wananchi. Huku kwetu, baraza la viongozi wa dini la Pwani, CICC, lilizaliwa kutokana na ghasia za Likoni za Agosti 1997. Wajaluo walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa humo, kwa hiyo habari za Kisumu zinatuhusu.

Kuhimiza watu wajiandikishe ni kazi rahisi. Kigumu ni hofu. Tarehe 26 Oktoba 2017, uchaguzi wa marudio haukufanyika katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Wengi walisusia kwa hiari yao, na hiyo ni haki yao. Lakini palipofungwa barabara, aliyetaka kupiga kura angepitia wapi? Kasisi au imamu anayesema "nendeni mkapige kura" bila kumtetea jirani mwenye msimamo tofauti amefanya nusu ya kazi.

Kisha kuna ndimi zetu. Mwaka 2022 tume ya uwiano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Yalikuwemo "madoadoa" na "watu wa kurusha mawe", tusi wanalotupiwa Wajaluo. Yalikuwemo pia "wabara waende kwao" na "kafiri", na hayo tunajua yanatoka vinywa vya nani. Msikiti wa Mombasa hauwezi kuifundisha Kisumu uvumilivu huku baraza za nje zikiyatamka.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Kwa anayejiandikisha, kitambulisho cha taifa au pasipoti hutosha. Kisumu ina Wasabato wengi, hivyo tangazo moja laweza kusomwa Ijumaa msikitini, Jumamosi kwa Wasabato na Jumapili katika makanisa mengine, kwa maneno yaleyale: siku za kujiandikisha, kituo kilipo, na kwamba hakuna mpiga kura atakayeulizwa kwao ni wapi.