Gharama za teknolojia katika biashara ndogo: Hesabu ya Serengeti na Tarime

MFANYABIASHARA anayetaka kufungua duka la fotokopi na uchapaji mjini Mugumu, wilayani Serengeti, au mjini Tarime, huanza kwa kuulizia bei ya kompyuta. Bei hiyo hulipwa mara moja. Umeme, intaneti, wino wa printa na fundi hulipwa kila mwezi, nazo ndizo zinazomaliza faida ya biashara inayouza huduma kwa ukurasa mmoja mmoja.

Serengeti ina historia yake katika suala hili, ingawa haisimuliwi sana nje ya duru za wataalamu. Katika muongo wa 2000, wilaya hiyo na jirani yake Bunda zilichaguliwa kwa majaribio ya kupeleka intaneti ya kasi vijijini. Mradi huo uliwahusisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na taasisi ya KTH ya Stockholm, kwa msaada wa Sida, shirika la maendeleo la Sweden. Badala ya kuanza kuchimba mitaro mipya, ulitumia nyuzi za mawasiliano zilizokwisha kupitishwa katika njia za umeme za TANESCO. Badala ya mitambo ya bei kubwa, wataalamu walitumia vifaa vya bei nafuu vinavyoendeshwa kwa programu huria, yaani zile ambazo hazilipiwi leseni.

Amos Nungu wa DIT, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliuchambua mradi huo katika tasnifu aliyoikamilisha KTH mwaka 2011. Swali lake halikuwa namna ya kufunga mtandao tu, bali namna ya kuufanya udumu. Yeye na wenzake walilishughulikia pia suala la umeme, kwa kuwa kukatika kwake kulikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa. Walihimiza vifaa vinavyotumia umeme kidogo.

Mradi ule ulilenga zaidi taasisi za umma, si maduka. Hata hivyo, hesabu ya duka haitofautiani nayo.

Chukua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kioo cha chogo, inayotumia wati 200. Ikiwashwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia yuniti 52. Kompyuta mpakato ya wati 50, kwa muda huo huo, hutumia yuniti 13. Kwa kadirio la shilingi 350 kwa yuniti, tofauti ni shilingi 13,650 kwa mwezi, au 163,800 kwa mwaka. Mwenye kompyuta ya mtumba aliyejisifu kununua kwa bei ya kutupa huilipa bei iliyobaki kidogo kidogo kupitia LUKU. Isitoshe, mpakato lenye betri nzima humwezesha mteja kumaliziwa barua yake umeme unapokatika, bila jenereta kuwashwa.

Printa nazo zina mtego wake. Zile za bei ya chini mara nyingi hutumia wino ghali, hivyo kipimo cha haki ni kugawa bei ya wino kwa idadi ya kurasa unazotoa. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, kwa upande mwingine, si mahali pa kubana matumizi.

Kwa upande wa programu, maduka mengi huponea nakala zisizo halali, ambazo mara nyingi huja na virusi, na virusi huja na bili ya fundi. Njia mbadala haikuanza jana. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hupatikana bure hadi leo. Kasoro yake ni kuwa nyaraka za wateja zilizoandikwa kwa programu nyingine zinaweza kubadilika mpangilio, hivyo ni busara kuijaribu kwa kazi halisi kabla ya kuhama moja kwa moja.

Wilayani Tarime kuna gharama nyingine inayotokana na jiografia. Mjini Sirari, mpakani na Kenya, simu iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kutozwa viwango vya ugenini. Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliwaondolea wateja wake tozo hizo kati ya Tanzania, Kenya na Uganda. Lakini mpango wa ushuru mmoja wa simu ulioanzishwa mwaka 2014 na Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini uliiacha Tanzania nje wakati huo. Kinga rahisi ni kuchagua mtandao kwa mkono katika mipangilio ya simu na kuzima data ya ugenini. Tangu Machi 2017, aidha, mteja nchini anaweza kuhamia kampuni nyingine bila kupoteza namba ambayo wateja wake wameizoea.

Kuna pia mashine za risiti za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Zilipopelekwa kwa wafanyabiashara wadogo mwaka 2013, bei yake ya zaidi ya shilingi 600,000 ilichangia migomo ya kufunga maduka katika miji kadhaa, ingawa TRA ilieleza kuwa gharama hiyo ingefidiwa kupitia kodi. Baadaye mamlaka hiyo iliruhusu risiti kutolewa kwa programu iitwayo VFD. Anayetakiwa kutoa risiti hizo na tayari ana kompyuta au simu ya kisasa, aulizie kwanza njia hiyo katika ofisi ya TRA kabla ya kulipia mashine.