Kwa nini fito za kuvulia krapi ni ndefu vile?

Ukiingia duka la zana za uvuvi kule Tennessee au Mississippi, Marekani, utakuta fito za kuvulia samaki mmoja tu, krapi, zimepangwa kuanzia za mita 1.5 hadi zinazokaribia mita 5. Samaki mwenyewe mara nyingi hafiki hata nusu kilo! Muuzaji atakuambia kila mtindo wa kuvua una ufito wake. Kweli. Ila ukifuatilia historia, unaona kwamba mara nyingi mitindo ilisubiri mpaka mtu apate kitu kipya cha kutengenezea ufito.

Tumjue samaki kwanza. Krapi ni spishi mbili za Amerika Kaskazini, Pomoxis annularis na Pomoxis nigromaculatus. Usimwone mgeni sana: yuko familia moja na yule Micropterus mwenye mdomo mkubwa aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani miaka ya 1920. Krapi ana mambo mawili yanayomsumbua mvuvi. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba, wenyewe wanasema mdomo wa karatasi, kwa hiyo ukivuta kwa pupa ndoana inachana na samaki kaenda zake. Pili, anapenda kujificha kwenye visiki na matawi yaliyozama, hasa majira ya kuchipua anapokuja maji ya kina kifupi kutaga mayai.

Sasa twende Reelfoot, ziwa lililoko kaskazini magharibi mwa Tennessee. Kati ya Desemba 1811 na Februari 1812 matetemeko makubwa ya New Madrid yalitikisa bonde la mto Mississippi. Ardhi ikadidimia, maji yakaingia, msitu mzima ukazama. Visiki viko mpaka leo. Hebu jaribu kutupa ndoana kutoka mbali mahali kama hapo: utavua visiki siku nzima. Dawa ni kuishusha ndoana wima kwenye upenyo na kumwinua samaki wima vilevile. Unahitaji mkono mrefu.

Mkono huo ulikuwa unaota pembeni mwa mto. Arundinaria gigantea ni mwanzi wa asili wa kusini mwa Marekani, na zamani ulifunika kingo za mito kwa vichaka vikubwa ajabu. Unaukata, unaukausha, unafunga mshipi kwenye ncha, ndoana, chubwi na kiboya. Rili ya nini? Huu ulikuwa ufito wa watu wasio na kitu, wakulima wa Kusini, weusi kwa weupe, waliolima pamba kwenye mashamba ya watu wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Kwao krapi alikuwa kitoweo cha jioni.

Vitabu vingi vya historia ya uvuvi huwapita haraka watu hao na kukimbilia kina Hiram Leonard wa Maine, ambaye kuanzia miaka ya 1870 alijulikana kwa fito za mianzi iliyopasuliwa na kugundishwa vipande 6. Kazi nzuri sana, sibishi, lakini zilikuwa za waungwana wavua trauti. Tena ukiupasua ufito wa kisasa utakuta ni bomba lenye uwazi ndani, kama mwanzi mzima wa yule mkulima. Sababu ni ya kifizikia: kinachozuia kupinda zaidi ni kile kilicho mbali na katikati, kwa hiyo ukitoa cha katikati unapunguza uzito bila kupoteza ugumu mwingi.

Mwanzi una mpaka wake, lakini. Shika kitu kirefu upande mmoja uone ncha inavyolegea kwa uzito wake tu. Ukiongeza urefu mara 2 bila kubadili unene, ncha haishuki mara 2, inashuka mara 16! Ukiongeza unene, mkono unachoka. Na vichaka vyenyewe vilikuwa vinaisha kwa kufyekwa na kulishiwa mifugo. Wanaikolojia wanakadiria imebaki chini ya asilimia 2 ya eneo la mwanzo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Arthur Howald, mtaalamu wa plastiki wa Ohio, alivunja ncha ya ufito wake wa mwanzi akaunda nyingine kwa nyuzi za kioo na resini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Shakespeare ya Michigan (hapana, si yule wa tamthilia) ilikuwa inauza fito za fibaglasi zilizotokana na wazo hilo. Ilikuwa bahati pia kwamba mabwawa yalikuwa yanafunguliwa wakati huohuo. Mamlaka ya bonde la Tennessee, TVA, iliundwa mwaka 1933, na bwawa lake la Kentucky lilikamilika mwaka 1944. Maji yalifunika misitu na mashamba, kama Reelfoot iliyotengenezwa kwa zege. Krapi walistawi. Rekodi ya dunia ya krapi mweupe, kilo 2.35, ilitoka bwawa la Enid, Mississippi, mwaka 1957.

Fibaglasi inakunjwa vibaya na bado inarudi. Weka pamoja na mshipi mwembamba wa nailoni, nyuzi iliyotangazwa mwaka 1938, na mtindo mwingine unawezekana: unashika chambo bandia kwa vidole, unaupinda ufito mfupi kama upinde, unaachia. Chambo kinaruka juu kidogo tu ya maji hadi chini kabisa ya gati, kivulini, mahali ambapo ufito mrefu haungii.

Mapema miaka ya 1970 zikaja fito za nyuzi za kaboni. Nyuzi hizo ni ngumu kupinda karibu mara 3 kuliko za kioo, na ni nyepesi zaidi. Ile hesabu ya mara 16 ikalegea. Mtu akaweza kushika mita 3 au zaidi kwa mkono mmoja tangu asubuhi na kusikia samaki akigusa tu. Wengine wanasimika fito ndefu kadhaa mbele ya boti, zimetawanyika kama miguu ya buibui, wanasogea polepole. Hapo mimi ningependelea fibaglasi au mchanganyiko, maana ufito uliosimikwa hauna mkono wa kulegeza, na ncha laini ndiyo inayookoa mdomo wa karatasi. Kaboni iache kwa ule unaoushika.

Ukiushika, lakini, angalia juu. Kaboni inapitisha umeme. Wavuvi wameshakufa kwa ufito kugusa waya wa umeme au kwa radi, ndiyo maana fito nyingi zina kibandiko cha onyo karibu na mpini. Mita 5 ni karibu ghorofa 2, na watu huzibeba zikiwa zimesimama wanapoelekea kushusha boti. Mwanzi mkavu haupitishi kihivyo, ila ukilowa usiuamini nao.