Kadi ya Mkimbizi na Mlango wa Hospitali

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka, kambi za Dadaab zikafunguliwa hapa Garissa. Ukame ulipouma, Wakenya wengi wa jirani nao walijiandikisha kambini wapate chakula na dawa. Jamani, njaa haina uraia! Baadaye walipoomba kitambulisho wakaambiwa: nyinyi ni wakimbizi. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imeshika nafasi ya NHIF, na kujisajili kunataka kitambulisho. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Imesema mtu, haikusema raia. Ramadhani hii tumsindikize jirani asiye na karatasi mpaka hospitali, tumdaie haki hiyo. Wabillahi tawfiq.